Karatasi Haijifichi

Zoezi la kuandikisha makurutu wa jeshi likifika upande wetu wa Rongo, Kenya, vijana huwa uwanjani kabla umande haujakauka. Huvua mashati na viatu. Hufungua vinywa meno yahesabiwe, hunyoosha mikono, husimama kando ya ufito wenye alama, kwa kuwa mwanamume asiyefika mita 1.60 safari yake huishia hapo. Nyayo hutazamwa kama zina uvungu au ni bapa. Kisha hukimbizwa, mzunguko baada ya mzunguko, huku akina mama wa chai na mandazi wakibishana ni nani atakayechoka kwanza. Wanaobaki huandikwa namba kwa wino mzito mwilini, na jioni wachache huondoka na barua za wito za kwenda Eldoret, kwenye chuo cha makurutu.

Kutwa nzima hakuna anayeulizwa kama anaweza kulenga. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana meno na nyayo zina maana yake kwa mtu atakayekula chakula cha kambini na kutembea na mzigo mgongoni. Lakini jambo hilo hunirudisha kila mara kwenye swali ambalo majeshi yamelihangaikia kwa zaidi ya karne moja, na ambalo sehemu ya majibu yake iliandikwa kwa damu karibu sana na uwanja huo. Utamfundishaje mtu kupiga bunduki ili siku ya vita afanye kile alichofanya siku ya mazoezi?

Askari huita mahali pa kujifunzia renji. Renji ya kizamani ni uwanja mrefu uliofyekwa, na mwisho wake pana tuta la udongo. Mbele ya tuta pamechimbwa handaki, na ndani yake wamo askari wanaoshika fremu za mbao zilizobandikwa karatasi. Anayepiga amelala kifudifudi mbali kule, viwiko vimezama mchangani. Umbali anaujua, yadi 200 au 300, kwa sababu umeandikwa kwenye kibao. Upepo ameambiwa. Risasi hupita juu ya vichwa vya walio handakini kwa mlio wa mjeledi. Hao huishusha fremu, hulitafuta tundu, huliziba kwa kipande cha karatasi na gundi, kisha huipandisha tena na kuonyesha kwa kijiti chenye kibao cha duara mahali risasi ilipopita. Ukikosa kabisa, bendera nyekundu hupepezwa mbele ya shabaha, kushoto na kulia, na wenzako wote wanaona.

Ni shule nzuri. Humfundisha mtu kupumua, kutulia, kukibana kifyatulio badala ya kukivuta. Waingereza walifungua chuo chao cha kulenga huko Hythe mwaka 1853, na kuanzia 1860 wakawa na mashindano ya kila mwaka, kwanza Wimbledon na tangu 1890 Bisley, ambako raia na askari walishindania vikombe. Kasoro ni ile anayoiona mtu yeyote aliyewahi kuwinda hata sungura. Karatasi haijifichi, haitoki mbio, wala hairudishi risasi.

Huku kwetu bunduki za serikali zilianza kazi juu ya watu wasiokuwa na bunduki. Mwaka 1905 kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee walikiita Keya, kilipanda milima ya Gusii pamoja na polisi kuwaadhibu watu kwa uvamizi wa mifugo. Abagusii walikuja na mikuki na ngao za ngozi. Askari walijipanga, rashasha ikawekwa mahali pake, na watu walikatwa kwa mamia. Robert Foran, polisi Mwingereza aliyekuwamo, baadaye aliyaandika mauaji hayo bila kuficha.

Miaka mitatu baadaye mambo yalirudia. Serikali ilikuwa imefungua makao Kisii mwaka 1907, ikayapunguzia hadhi yale ya mwanzo yaliyokuwa Karungu, ufukweni mwa ziwa. Januari 1908, kijana Otenyo, ambaye Abagusii husimulia kuwa alichochewa na nabii Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa wa hapo, Northcote. Northcote alipona, na mwishowe akawa gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni wengine. Keya ilirudi milimani, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na idadi ya maiti ikawa kubwa kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alituma malalamiko kuuliza kwa nini watu wasio na kinga wanauawa kwa wingi namna ile.

Nayataja haya kwa sababu ya ubaya wake, na pia kwa sababu yanahusu shabaha. Jeshi hujifunza kutokana na adui lililowahi kupigana naye. Kwa mtu anayekujia uso kwa uso na mkuki, kundi zima, mahali peupe, askari hahitaji kumtafuta adui wala kujificha mwenyewe. Anahitaji kusimama kwenye mstari, kungoja amri, kupiga pamoja na wenzake pale alipoambiwa. Ofisa ndiye anayeona, ndiye anayekadiria umbali na kuutaja kwa sauti. Askari ni mkono tu. Renji ya karatasi na vita vya mikuki vilifanana mno, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubadili kitu.

Waingereza wenyewe walikuwa wameshaamshwa kwingine. Tarehe 15 Desemba 1899, kando ya mto Tugela huko Afrika Kusini, jeshi la Jenerali Redvers Buller lilijaribu kuvuka Colenso. Makaburu wa Louis Botha walikuwa ndani ya mahandaki wakitumia Mauser za baruti isiyo na moshi. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 1,100 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kutekwa, na upande wa pili hawakufika 50. Wengi walianguka bila kumwona hata mmoja wa waliokuwa wakiwapiga. Walikuwa wamefundishwa kulenga duara jeusi kwenye karatasi nyeupe, na sasa mbele yao kulikuwa na kilima tu.

Aibu hiyo ilikaa. Pale Hythe, mwalimu mkuu Norman McMahon alishikilia kwamba askari wa kawaida lazima apige haraka na apige kitu kinachofanana na mtu. Shabaha zikapakwa rangi za udongo, zikakatwa umbo la kichwa na mabega, zikachomoza kwa sekunde chache na kuzama tena. Kanuni mpya zikatoka mwaka 1909. Zoezi lake lililovuma ni la risasi 15 kwa dakika moja, yadi 300, kwa bunduki ambayo kila risasi ilitaka mkono uvute komeo nyuma na kulirudisha, na katikati ya dakika hiyo hiyo risasi mpya zikisukumwa ndani kwa kidole gumba. Agosti 1914, pale Mons, Wajerumani walikutana na watu waliofundishwa hivyo.

Sasa turudi nyumbani, wiki tatu hivi baada ya Mons.

Ukisimama Rongo leo, barabara kuu inapanda kaskazini kuelekea Kisii na kuteremka kusini kuelekea Awendo, Migori na mpakani Isebania. Tawi jingine linakwenda Homa Bay, ziwani. Malori ya miwa ya Awendo hutembea polepole yakiangusha mabua njiani, na watoto huyaokota. Mwaka 1914 hapakuwa na lami wala miwa ya kiwanda, lakini umbo la nchi ni lile lile. Kusini ulikuwa mpaka wa koloni la Wajerumani, magharibi ni ziwa, juu mashariki ni milima ya Gusii na makao ya serikali. Yeyote anayetoka mpakani akiitaka Kisii huivuka nchi hii.

Septemba hiyo walikuja. Kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilishika Karungu, kisha kikapanda na kuingia Kisii tarehe 11. Kilikuwa na Wazungu wapatao 50, askari Waafrika zaidi ya 250, wasaidizi wa kienyeji kiasi cha 100, rashasha na mzinga mdogo. Waingereza walikuwa wameuacha mji. Msaada wao ulitoka kwa batalioni ya nne ya Keya, askari 240 wa Uganda chini ya Kapteni Thorneycroft, walioshuka kutoka melini Kendu na kutembea hadi Kisii. Tarehe 12 wakawakuta Wajerumani wamejisahau mjini, wakashambulia.

Mara ya mwisho Keya ilipopanda milima ile ilikuwa inawapiga watu wa mikuki. Safari hii waliokuwa mbele yao walikuwa askari kama wao wenyewe. Walikuwa na kwata yao, vyeo vyenye majina yaliyoletwa na askari wa Kisudani kama ombasha na shaushi, na Kiswahili cha kambini. Wengine katika jeshi la Wajerumani walikuwa watu wa Keya wa zamani, maana Waingereza walipovunja batalioni ya pili mwaka 1911 kwa kubana matumizi, baadhi ya askari walioachishwa walivuka mpaka na kuajiriwa upya. Bunduki ilikutana na bunduki kwa mara ya kwanza katika nchi hii.

Thorneycroft aliuawa katika mapigano hayo. Hapo ndipo naona somo lote la renji likipinduka. Jeshi lililofundishwa kwamba ofisa ni jicho na askari ni mkono, jicho likitoka, mkono ufanye nini? Walichofanya ni kuendelea kupigana. Kutwa nzima walirushiana risasi, kila mtu akichagua shabaha yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna renji ya karatasi iliyowahi kulidai. Wajerumani walipoteza watu wengi, hasa Wazungu wao. Giza lilipoingia kila upande ukaondoka, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki. Mji ukabaki bila mwenyewe, na wenyeji wakauchukulia walivyoona, wakavunja maduka na ofisi. Serikali iliporudi iliwatoza kwa moto na mifugo. Watu ambao hawakuwa shabaha ya upande wowote asubuhi ya tarehe 12 walikuwa shabaha muda si mrefu baadaye.

Kuhusu bunduki zenyewe kuna jambo la kutazama kwa karibu. Kombania nyingi za Wajerumani bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki nene ya baruti nyeusi yenye risasi ya milimita 11. Ikipiga, hutoa wingu jeupe zito linaloning'inia usoni pa mpigaji. Siku isiyo na upepo, mpigaji mwenyewe haoni alikopiga mpaka moshi upungue, na adui anajua hasa pa kulenga, anapiga chini kidogo ya wingu. Kwenye renji moshi huo ni kero. Vitani unamuua mtu.  Askari wa pande zote mbili walilijua jambo hilo kwa macho.

Miezi miwili baada ya Kisii, somo lilifundishwa kwa ukubwa zaidi. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Jenerali Arthur Aitken alileta Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India dhidi ya watu kama 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Ofisa mmoja wa Keya alijitolea askari wake wa hapa wamtangulie msituni, Aitken akakataa. Baadhi ya vikosi vyake vilikuwa vimekabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya kupanda meli, kwa hiyo askari waliingia vitani wakiwa na silaha ambayo mabega yao hayajaizoea. Mashamba ya mkonge na vichaka vikawameza. Nyuki, waliochokozwa na risasi, wakawashukia pande zote. Watu husimulia zaidi habari ya nyuki, na ni kisa kizuri, ila mimi ningeanza na zile bunduki mpya. Lettow-Vorbeck aliandika kwamba nyara zilizoachwa ufukweni zilitosha kuzipa kombania tatu silaha za kisasa, pamoja na risasi laki sita. Moshi mweupe wa askari wake ulianza kupungua tangu siku hiyo.

Waingereza walidhani pia kuwa wawindaji wangeziba pengo. Walowezi walijiunga na kikosi cha wapanda farasi Nairobi wakiwa na bunduki zao za kuulia simba, na kutoka London akaja Frederick Selous, mwindaji mashuhuri kuliko wote, aliyekuwa amepita miaka sitini. Alikuwamo katika shambulio la Bukoba Juni 1915. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, alipigwa risasi akiwatafuta wadunguaji. Alikuwa na jicho lililoua tembo wengi. Tembo hadungui.

Vita hivyo viliikuza Keya kutoka watu wasiofika 2,500 mwaka 1914 hadi wapatao 35,000 mwaka 1918. Waliofundishwa kulenga walikuwa wachache wakilinganishwa na waliofundishwa kubeba. Kutoka nchi hii ya ziwa, Wajaluo na Abagusii kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi, na hesabu za serikali yenyewe zilikiri wafu zaidi ya 40,000 miongoni mwa wapagazi wa Afrika Mashariki. Wengi waliuawa na kuhara na homa. Jina lao la Kiingereza limebaki kwenye masoko ya Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Katika Kijaluo, bunduki ilibaki kuitwa bunde, na Keya likawa neno la nyumbani.

Vita vya pili vya dunia viliwapeleka watoto wa wapagazi hao mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikaa Ceylon ikijifunza vita vya msituni, na Agosti 1944 ikaingia bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya masika. Mafunzo yalikuwa katika Kiswahili cha jeshini, kile kilichopunguzwa ngeli na kuongezwa amri, ambacho walimu wa lugha hukicheka na ambacho hata hivyo kiliwaunganisha Mjaluo, Mkamba, Mnyasa na Mganda kwenye handaki moja.

Msitu wa Burma uliua kabisa ile hesabu ya yadi 300. Mjapani alikaa ndani ya shimo lililofunikwa magogo, akangoja mpaka umbali uwe wa hatua kumi. Hapo mtu hapati nafasi ya kulala kifudifudi wala kushusha pumzi. Jeshi la India lilikuwa limetoa mwaka 1943 kijitabu cha mafunzo kilichopewa jina la kitabu cha msituni, na mazoezi ya namna hiyo yalimtaka askari atembee peke yake kwenye kijia huku shabaha zikimchomokea kichakani kushoto, kulia, juu ya mti. Mwalimu alimfuata nyuma akivuta kamba. Ni kamba na ubao tu, lakini askari hakujua shabaha iko wapi, na hilo lilibadili kila kitu. Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni hiyo iliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Walirudi nyumbani na ujuzi huo, na miaka michache baadaye ukatumika Kenya kwenyewe. Sitakaa sana kwenye vita vya Mau Mau, vina vitabu vyake, lakini kuna jambo moja la alama ambalo siwezi kuliruka. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ilidai upigaji ule ule wa ghafla, na Keya iliufanya. Kisha alama za renji zikahamia mahali pasipostahili. Mwaka 1953 ilijulikana kwamba Kapteni Gerald Griffiths wa batalioni ya tano alikuwa akiwaahidi askari shilingi tano kwa kila mtu atakayeuawa. Aliachiliwa kwa shtaka la kwanza la mauaji, na mwaka uliofuata akafungwa miaka mitano kwa ukatili juu ya mateka. Uchunguzi wa Jenerali McLean ulisikia habari za vikosi vilivyoshindana na kuweka hesabu za waliouawa, kama timu za mpira. Uchunguzi huo ulilipitisha jambo hilo kwa upole kuliko lilivyostahili. Tangu niyasome hayo, kila nisikiapo mtu akisema mazoezi ya kulenga yafanywe yafanane zaidi na vita, humuuliza anataka yafanane na nini hasa.

Kwa ufundi wenyewe, mabadiliko makubwa ya karne iliyopita yalitoka Marekani. Mwaka 1947 mwandishi S.L.A. Marshall alidai katika kitabu chake kwamba vitani si zaidi ya robo ya askari waliopiga risasi kabisa, hata wakiwa wanashambuliwa. Dai hilo lilienea haraka. Mwaka 1988 mwanahistoria Roger Spiller alionyesha kwamba Marshall hakuwa na takwimu za kuliunga mkono. Lakini ripoti nyingine, ya mtafiti Norman Hitchman mwaka 1952, ilikuwa na hesabu, nayo ilisema jambo ambalo askari wa Kabaw angelisema bila hesabu: watu hupigwa vitani karibu kuliko renji zinavyodhani, mara nyingi chini ya yadi 300, na umahiri wa karatasi hupungua vibaya mtu akiwa vitani.

Katikati ya miaka ya 1950 watafiti wa jeshi la Marekani wakatengeneza mfumo walioupa jina la Trainfire. Tuta na handaki la waonyeshaji vikaondolewa. Badala yake, kwenye uwanja wenye nyasi na mashimo, maumbo ya watu yalisimama ghafla kwa umbali mbalimbali, bila mpangilio unaojulikana, yakakaa sekunde chache na kuzama. Risasi ikigusa, umbo linaanguka papo hapo. Hakuna kijiti, hakuna bendera. Mtu anaona mwenyewe. Wengine wamesema baadaye kwamba kuanguka huko kulimzoesha askari kuua bila kufikiri. Nadhani wanakipa kibao uwezo mkubwa mno, ingawa sikatai kwamba kilitengenezwa na watu waliosoma saikolojia.

Mtihani wao ukawa shabaha 40. Ukiangusha 23 umefaulu, ukifika 36 unaitwa bingwa. Ajabu ni kwamba mtihani huo nao uligeuka karatasi. Miaka ilivyopita, askari walijua mpangilio kwa moyo, wakajua ni shabaha ipi ya mbali ya kuiacha ili wasipoteze risasi, na afande juu ya mnara alikuwa anawaambia lini walale, lini wapige goti, lini wabadili magazini. Yule ofisa anayeona kwa niaba ya askari alikuwa amerudi, safari hii kupitia kipaza sauti. Kwenye mwongozo wao mpya uliotoka 2019 shabaha zimebaki 40, lakini risasi zimegawanywa kwenye magazini nne za kumi kumi, mikao ni minne, kuna kizuizi cha kujiegemeza, na ikishatajwa amri ya kuanza, mnara unanyamaza. Magazini ikiisha, askari anaibadili mwenyewe huku shabaha zikiendelea kusimama. Askari wao wa kikosi cha Marine walifuata mwaka 2021, wakaachana na mtihani ambao asili yake ina zaidi ya karne, wakaanza kupimwa wakiwa wamevaa zana zote za vita. Siku hizi kuna hata vibao vinavyotembea kwa magurudumu, ambavyo kimoja kikipigwa vingine hukimbia kujificha.

Karatasi imejifunza kujificha na kukimbia. Kurudisha risasi bado, isipokuwa kwa miale isiyodhuru.

Mazoezi yanayofanana na vita yanahitaji nchi ya kuyafanyia, na nchi hiyo ina watu. Kule Archers Post na Dol Dol, Waingereza wamekuwa wakifanya mazoezi ya risasi na mabomu halisi tangu enzi za ukoloni, na jeshi letu linaitumia Archers Post vilevile. Mabomu mengine hayakulipuka siku yake. Yalilala majanini yakang'aa, na watoto wachungaji wakayaokota. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200, Wamaasai na Wasamburu, waliopoteza mikono, miguu, macho au jamaa zao. Machi 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi ya askari hao uliteketeza sehemu kubwa ya Lolldaiga, huko Laikipia. Tuta lile la udongo la kizamani, ambalo nimelisema vibaya tangu mwanzo, lilikuwa na sifa moja: risasi ziliingia humo zikabaki.

Vijana wa Rongo watakaokwenda Eldoret wataanza bado na kulala kifudifudi na kupumua, kama walivyoanza watu wa Hythe, maana hakuna njia nyingine ya kuanza. Tangu Oktoba 2011, jeshi letu lilipovuka kuingia Somalia, wanajua kwamba renji huenda isiwe mwisho wa safari. Wiki ya kuripoti ikifika, mwenye barua hupanda gari stendi ya Rongo alfajiri, begi jeusi miguuni, cheti cha shule kwenye bahasha aliyoifunga nailoni mvua isiingie. Akichukua gari la juu, atapita Kisii, katikati ya mji ambamo watu wa Thorneycroft na wa von Wülfingen walirushiana risasi kutwa nzima wakaondoka gizani. Akichukua la chini, atapita Homa Bay na kufuata ziwa mpaka Kendu Bay, ambako askari 240 walishuka kutoka melini na kuanza kupanda. Nauli hutofautiana kidogo. Wengi huchukua linalojaa kwanza.